Vidonge, Mionzi na Ibada ya Mgonjwa
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa kumbukumbu ya kuasisiwa kwa Jumuiya, Kampala)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyeumba maradhi na akaumba na ponyo lake, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:



Wazee walioasisi Jumuiya hii walianza kwa mambo mawili: kuzika maiti na kusomesha watoto. Hayo yote mawili yangali yakiendelea, alhamdulillahi. Lakini siku hizi limeongezeka jambo la tatu, nalo ni kumwangalia mgonjwa ambaye maradhi yake si ya siku tatu, bali ni ya miezi. Miongoni mwa maradhi hayo ni saratani ya utumbo mpana, na hasa ile iotayo mwishoni mwa utumbo, mahali paitwapo puru, karibu na njia ya haja kubwa. Ugonjwa huu una taabu mbili. Ya kwanza ni ya mwili. Ya pili ni ya haya, kwa kuwa mahali palipopatwa ni mahali ambapo mtu mwenye adabu hapendi kupataja. Watu wamekaa na damu ndani ya choo kwa mwaka mzima, wakisema ni bawasiri, mpaka dawa ikawa ngumu. Basi na ifahamike tangu mwanzo: hapana haya katika kutafuta elimu ya dini, na hapana haya katika kutafuta dawa.

Dalili zake ni damu katika haja kubwa, kubadilika kwa kwenda choo kwa wiki kadhaa, kuhisi kwamba tumbo halijaisha hali limekwisha, kupungua mwili pasipo sababu, na kupungukiwa na damu. Aonaye hayo na aende hospitali apimwe kwa kidole na kwa chombo cha kutazama ndani. Bawasiri ipo na ni ya wengi, lakini ahukumuye kwamba ni bawasiri ni daktari aliyekwisha kutazama, si jirani.

Sasa yafuata habari ya dawa yenyewe, kwani mgonjwa aijuaye dawa yake haitupi njiani.

Saratani ya puru iliyokwisha kuingia ndani ya ukuta wa utumbo au kufikia tezi za jirani, mara nyingi haianzi kwa kisu. Huanza kwa mionzi pamoja na vidonge, ili uvimbe upungue kwanza na mizizi yake idhoofike, ndipo mganga wa upasuaji aukate. Kidonge kitumikacho sana huitwa kapesitabini. Asili yake ni dawa ya sindano iitwayo fluorourasili, iliyotengenezwa Marekani na Charles Heidelberger na wenzake mwaka 1957. Kidonge hiki kimezwapo hakijawa bado dawa kamili. Hugeuzwa hatua kwa hatua ndani ya mwili, na hatua ya mwisho hufanyika zaidi ndani ya uvimbe kuliko mahali pengine. Tena huifanya saratani iwe nyepesi kuungua kwa mionzi. Ndiyo maana vitu hivi viwili hupewa pamoja, na apunguzaye kimoja kwa rai yake amedhoofisha cha pili.

Mionzi ya namna hii hutolewa siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa muda wa wiki tano au tano na nusu. Jumla yake ni mara 25 hadi 28. Wako pia wanaopewa mionzi mikali zaidi kwa siku tano tu, kwa hukumu ya daktari. Mgonjwa hulazwa juu ya meza, mashine humzunguka dakika chache, wala hahisi maumivu wakati huo. Mara nyingi huambiwa anywe maji kwanza ili kibofu kijae, kwa sababu kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mwembamba utoke katika njia ya miale.

Hapa yafaa kuondoa hofu moja iliyoenea majumbani. Mtu aliyepigwa mionzi kwa mashine ya nje habaki na mionzi mwilini mwake. Akitoka chumbani amekwisha. Anaweza kumpakata mjukuu wake, kula sinia moja na jamaa zake, na kusimama katika safu msikitini. Kumtenga ni dhuluma, na dhuluma hiyo humuumiza kuliko ugonjwa.

Ama vidonge, humezwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, baina yake saa kumi na mbili hivi, ndani ya nusu saa baada ya chakula, kwa maji. Visikatwe wala kusagwa. Avigusaye kwa kumsaidia mgonjwa na avae glavu au anawe mikono vizuri baadaye, na viwekwe mbali na watoto. Mgonjwa akisahau mara moja, asimeze maradufu mara ya pili. Na aendelee na saa yake. Katika muda wa mionzi, wengine huambiwa wameze siku za mionzi tu na kupumzika Jumamosi na Jumapili, na wengine humeza kila siku. Kila mmoja na afuate karatasi yake mwenyewe, si karatasi ya mwenzake waliyekutana barazani.

Mgonjwa na amweleze daktari kila dawa nyingine anayotumia. Dawa ya kuzuia damu isigande iitwayo warfarini, na ile ya kifafa iitwayo fenitoini, hugombana na kapesitabini. Hata vidonge vya asidi ya foliki, ambavyo watu huvinunua kwa kuongeza damu, huweza kuzidisha ukali wake. Na habbat sauda, asali na mitishamba? Asali ni chakula chema na imesifiwa katika Kitabu. Lakini kusifiwa kwa asali hakukuwa katazo la dawa nyingine. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha Waislamu watafute matibabu, wala hakuwaambia watafute tiba moja tu. Basi chochote kinachochemshwa nyumbani, daktari akijue kabla hakijanywewa.

Yafuatayo ndiyo mambo yanayompata mgonjwa katika safari hiyo. Wiki ya kwanza na ya pili mara nyingi hupita kwa salama, na wengi husema, "Kumbe ndiyo haya tu." Kuanzia wiki ya tatu uchovu huja, uchovu usioondoka kwa usingizi. Tumbo huharisha, au mtu huhisi haja kila mara na hatoi kitu. Mkojo huchoma. Ngozi ya makalio na mapajani hubadilika rangi, huwasha na pengine huchubuka. Na kwa sababu ya vidonge, viganja na nyayo huwa vyekundu au vyeusi, hufa ganzi, huuma na kubambuka. Na kinywa huweza kuota vidonda. Taabu hizi huzidi mwishoni mwa mionzi, na pengine wiki moja au mbili baada ya kumaliza, kisha hupungua kidogo kidogo. Asiyeambiwa hayo mapema hudhani ya kwamba dawa inamwua, naye huiacha ikiwa imebaki siku nane au kumi.

Na achukuliwe mfano mtu aliyepangiwa mara 28. Amekwenda mara 18. Damu imekoma, maumivu yamepungua, lakini kuharisha kumeanza na nauli imekwisha. Jamaa wanamwambia, "Umepona, pumzika." Mtu huyo amefanana na mkulima aliyepalilia shamba akaacha safu kumi za mwisho, magugu ya safu hizo ndiyo yatakayolirudia shamba zima. Damu kukoma ni dalili njema, lakini si mwisho wa kazi. Siku za mionzi zimehesabiwa kwa hesabu, na kila siku inayokosekana huipa saratani nafasi ya kupumua.

Lakini kuvumilia si kunyamaza. Ziko hali ambazo mgonjwa hana budi kusimamisha vidonge na kuwasiliana na hospitali siku ile ile, asingoje miadi yake: akiharisha mara nne au zaidi kuliko desturi yake kwa siku, au akiamka usiku kwa kuharisha, akitapika zaidi ya mara moja katika mchana na usiku wake, vidonda vya kinywa vikimzuia kula, mikono na miguu ikimuuma hata kumzuia kazi, akipata homa ya digrii 38 au zaidi, au akihisi maumivu ya kifua. Wako watu wachache ambao miili yao kwa maumbile haiwezi kuivunja dawa hii, nao hudhurika vibaya katika siku za mwanzo. Kwa hiyo taabu kubwa ya mapema isichukuliwe kuwa ni jambo la kawaida.

Ama kujitunza nyumbani, ni kwa mambo madogo yanayodumu. Anayeharisha na anywe maji kidogo kidogo, mara nyingi, na maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visizidi. Ale chakula laini, kama wali, ndizi, viazi na mchuzi usio na pilipili, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, na aache kwa muda maharage, vitu vya mafuta mengi na maziwa yakimsumbua. Avae nguo pana za pamba. Kanzu na kanga zafaa kuliko suruali ya kubana. Ngozi iliyopigwa mionzi na ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, ikaushwe kwa kugusagusa, si kwa kusugua, wala isipakwe mafuta yoyote ila kwa idhini ya wauguzi. Mikono na miguu isiguse maji ya moto, jembe wala mchi. Ipakwe mafuta laini, na viatu viwe vyepesi.

Hapa mila za Waislamu zimekuwa msaada. Kutawadha chooni kwa maji, kama tulivyofunzwa sote tangu utotoni, ndiko kunakoisalimisha ngozi ile kuliko kujifuta kwa karatasi kavu. Birika la maji ya uvuguvugu ni dawa.

Sasa yabaki swali ambalo wagonjwa wengi huwauliza Masheikh kwa sauti ya chini, na wengine hawaulizi kamwe bali huacha sala. Husema: "Nasali vipi, nami siwezi kuizuia tumbo yangu?" Jawabu lake ni la tangu zama za Mtume (S.A.W.). Bibi Fatima binti Abi Hubaysh alikuwa akitokwa na damu isiyokatika, akaogopa kwamba hana sala. Hakuambiwa aache sala. Alielekezwa ajisafishe na atawadhe kwa kila sala. Juu ya msingi huo wanavyuoni wa fikihi wamemkisia kila mwenye udhuru wa kudumu. Mgonjwa na ajisafishe, aweke kitambaa au pedi safi, atie udhu baada ya kuingia wakati, na asali faradhi yake. Kinachotoka baada ya hapo pasipo hiari yake hakimharibii sala hiyo. Sala nyingine ikiingia wakati, atarudia kama vile.

Akishindwa kusimama na asali kwa kuketi. Akishindwa kuketi, kwa ubavu. Mikono yake ikiwa imechubuka, katika madhehebu ya Shafii yatosha maji yapite juu ya kiungo, kusugua si faradhi. Maji yakimdhuru kwa kauli ya daktari, iko tayamamu. Na kukusanya sala mbili kwa sababu ya ugonjwa, wako maulamaa walioruhusu, na Imamu Nawawi katika Mashafii ameiona kauli hiyo kuwa ina nguvu. Basi mgonjwa na amwulize Sheikh wake, asijitese. Alama za wino au nukta ndogo zinazotiwa ngozini ili mashine ilenge pale pale kila siku, si urembo bali ni haja ya tiba. Rangi isiyo na kiwiliwili haizuii maji ya kuoga, na haifai kuisugua ili itoke. Ama sala ya Ijumaa, mgonjwa amesamehewa. Lakini awezaye kwenda na aombe apigwe mionzi asubuhi siku hiyo.

Kadhalika Ramadhani. Katika nchi hizi zilizo juu ya mstari wa Ikweta, mchana na usiku hukaribiana. Kwa hiyo mgonjwa mwenye bidii huweza kusema: "Nitameza vidonge kwa daku na kwa futari, saa zake zinalingana, basi nitafunga." Ni kweli saa zinakaribia kulingana. Lakini maji hayalingani. Anayeharisha mchana kutwa pasipo kunywa hukauka, na mwili uliokauka huumiza figo na kuifanya dawa izidi ukali. Tena kibofu chake chatakiwa kijazwe maji kabla ya mionzi, na mionzi hutolewa mchana. Basi afungaye katika hali hiyo amejidhuru, na saumu haikuletwa kwa kudhuru. Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa rukhsa ya kula na kulipa siku nyingine, na akabainisha kwamba Anawatakia waja wepesi. Kuikubali rukhsa ni utii kama kuikubali faradhi. Akipona atalipa, na asiyetarajiwa kupona atalisha maskini kwa kila siku.

Liko na jambo la mume na mke, ambalo kulificha kumevunja nyumba. Katika muda wa dawa hii na miezi kadhaa baada yake, mimba haifai, kwani dawa na mionzi humdhuru mtoto. Daktari ataweka muda. Mionzi ya sehemu hizo huweza kukata uzazi, kumpunguzia mume nguvu zake, na kumkazia mke njia yake. Wanaotumai kupata watoto na waseme kabla ya kuanza, si baada. Na wenzi na wajue kwamba kutokuwa na hamu katika miezi hiyo si chuki wala si kurogwa; ni dawa. Upole wa wakati ule hukumbukwa umri mzima.

Baada ya mionzi kumalizika, hupita wiki nane hadi kumi na mbili hivi kabla ya upasuaji, ili mionzi imalize kazi yake na mwili upate nguvu. Wachache uvimbe wao hutoweka kabisa, na madaktari huweza kuwatazama kwa karibu pasipo kuwakata. Wengine hutolewa utumbo tumboni wakavaa mfuko, kwa muda au kwa daima. Mwenye mfuko ni mtu mzima, sala yake yafaa, hija yake yafaa, na hukumu yake ni ile ya mwenye udhuru. Nao ndugu na watoto wa mgonjwa wapimwe: kwa kawaida tangu umri wa miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliougua jamaa yao, uliotangulia ndio.

Mwisho ni fungu la Jumuiya. Hapa Uganda, Taasisi ya Saratani iliyoko Mulago ilianzishwa mwaka 1967. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika isitengenezeke, na wagonjwa wakabaki. Baadhi yao wakapelekwa Nairobi, mpaka mashine mpya ilipozinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2018, na baadaye zikaongezwa nyingine za kisasa zaidi. Miaka ile ilifundisha jambo moja: mashine ikiwapo, kizuizi kinachobaki ni nauli na mahali pa kulala. Mtu atokaye Arua, Mbale au Kasese hawezi kwenda na kurudi mara 28. Anahitaji chumba kwa wiki sita, chakula laini, na mtu wa kumkumbusha saa ya kidonge.

Hayo yamo ndani ya uwezo wa Waislamu. Zaka ina mafungu manane, na maskini, mwenye deni na msafiri aliyekatikiwa wamo ndani yake. Nyumba moja ikiwekwa wakfu karibu na hospitali, yenye vyumba vitatu na choo safi ndani, itakuwa sadaka yenye kuendelea. Akina mama wa Jumuiya waweza kupokezana uji na kufua nguo. Vijana wenye pikipiki na magari waweza kugawana siku tano za wiki. Na amzuruye mgonjwa asiende na hadithi za waliokufa kwa ugonjwa huo, na apeleke maji ya kunywa, akae kidogo, aulize, "Zimebaki siku ngapi?" kisha aondoke. Swali hilo humkumbusha mgonjwa kwamba safari ina mwisho, na humjulisha kwamba iko nafsi nyingine inayohesabu pamoja naye.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wauguzi wao, awarehemu waliotangulia, na aibariki Jumuiya hii kwa kila lililo jema. Amin.

Wabillahi taufiki. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.